Kupanga Bei ya Gari la Zamani Lililotunzwa, Ukiuza Mwenyewe Dodoma

Ukiwauliza madalali watatu wa Dodoma bei ya Toyota IST ya mwaka 2004, unaweza kurudi nyumbani na bei nne. Mmoja anakutajia ile ambayo angekupa yeye leo, fedha mkononi. Wa pili anataja atakayomwambia mnunuzi. Wa tatu anataja unachotamani kusikia, ili umwachie ufunguo. Hakuna aliyekudanganya sana, kila mmoja amejibu swali lake. Swali lako mwenye gari ni jingine: mtu anayetaka gari la kuendesha mwenyewe, akishalikagua na fundi wake, atafika wapi?

Gari la zamani huuzwa likiwa limebeba shaka. Mnunuzi hajui kama injini imewahi kufunguliwa, kama kilomita zimerudishwa nyuma, kama kadi itahamishika bila usumbufu. Kwa kila asilolijua anakata laki kadhaa moyoni kabla hajafungua mdomo. Matunzo yako ya miaka yote huingia kwenye bei pale tu yanapomwondolea shaka hizo. Oili uliyobadilisha kwa wakati, bila risiti wala kumbukumbu, kwake ni maneno ya muuzaji.

Unachouza hasa ni nini

Toa kadi ya gari uandike: aina, mwaka wa kutengenezwa, ukubwa wa injini kwa cc, namba ya chasisi, jina la mmiliki. Kisha fungua boneti, usome kibati cha chasisi na kulinganisha. Hatua hii wengi huiruka, halafu wanalinganisha vitu visivyolingana. IST ya cc 1,300 ni chasisi NCP60, ya cc 1,500 ni NCP61. Kwa picha hutazitofautisha, kwa bei zinatofautiana. Premio ya miaka ya 2001 hadi 2007 ni hatari zaidi: ipo ya cc 1,500, ya 1,800, na ya 2,000 yenye injini ya D-4, ambayo mafundi wengi huikwepa kwa sababu ya pampu yake ya presha kubwa na kaboni inayojaa kwenye njia ya hewa. Mwenye Premio ya 1,500 akijipima kwa tangazo la D-4 atajipunja. Mwenye D-4 akijipima kwa 1,500 atakaa na tangazo mpaka mvua zinyeshe.

Halafu namba. Mnunuzi wa Tanzania husoma kibao kabla ya kusoma mwaka. Herufi ya kwanza baada ya tarakimu, yaani A, B, C, D au E, inaonyesha gari lilisajiliwa nchini lini, haisemi lilitengenezwa lini. IST mbili za mwaka 2004, moja namba B na nyingine namba D za mwishoni, zilitoka kiwandani pamoja, lakini ya pili imeepuka miaka mingi ya matuta na mafuta ya vituo vya njiani. Soko linaziona ni magari mawili tofauti, na kwa sehemu kubwa lina haki. Ikiwa lako ni namba B au C na limetunzwa, usibishane na hilo kwenye tangazo. Jilinganishe na magari ya herufi yako, kisha ushahidi wako ukupandishe ndani ya kundi hilo. Namba C nzuri sana inaweza kuifikia namba D ya kawaida, lakini haitaipita namba D nzuri.

Kilomita nazo zina mtego wake. Gari la miaka 20 linaloonyesha 68,000 halimfurahishi mnunuzi anayejua magari, linamtia wasiwasi. Ukiwa na karatasi za Japani zilizokuja na gari zinazoonyesha kilomita, ziweke mbele. Tuseme liliingia na 78,000 na sasa lina 142,000 baada ya miaka minane: hiyo ni 8,000 kwa mwaka, hesabu inayoeleweka kwa mtu anayekaa Kisasa na kwenda mjini au Mtumba kazini. Kilomita 142,000 zenye maelezo huuza gari kuliko 68,000 zisizo na maelezo.

Kukusanya bei za wenzako

Tafuta matangazo 12 hadi 15 ya gari kama lako: mtandao wa Jiji, kurasa za Instagram za wauza magari, magrupu ya WhatsApp ya Dodoma, na yadi ukipita mwenyewe. Andika kwenye daftari bei, mwaka, herufi ya namba, kilomita, mahali, na tarehe uliyoliona tangazo.

Kisha chuja bila huruma. Gari moja likitangazwa na madalali watano kwa bei tano, ni gari moja, na bei ya chini kati ya hizo tano ndiyo iliyo karibu na anayotaka mwenyewe. Nyingine zina cha juu cha dalali. Bei za yadi ziweke pembeni: yadi inalipia kiwanja, mlinzi na mtaji uliolala, na mara nyingine inakubali gari la mteja kama sehemu ya malipo. Tangazo la zaidi ya miezi miwili linakwambia bei ambayo soko limekwisha kuikataa, usilitumie. Gari la bei ya kutupa, lenye maneno "muuzaji ana shida ya haraka", nalo liondoe. Ama ni baya, ama ni utapeli.

Tuseme umebaki na IST tisa zinazofanana na yako. Tarakimu hizi ni za mfano tu, weka zako: milioni 8.9, 9.3, 9.5, 9.8, 10.0, 10.2, 10.5, 11.0 na 11.8. Usichukue wastani, kwa sababu yule wa 11.8 mwenye ndoto atakuvutia juu. Chukua bei ya katikati ya orodha: milioni 10. Hiyo bado ni bei ya kuombwa. Ili kujua ya kukubaliana, wapigie simu watatu au wanne ambao matangazo yao yametolewa, uwaulize kwa adabu gari liliishia ngapi. Wapo watakaokujibu, mtu akishauza hana tena cha kuficha. Hapa tuchukulie kwamba yanaishia takriban asilimia 6 chini. Basi katikati ya soko ni milioni 9.4, na huo ndio msingi wako.

Dar es Salaam usiisahau, hata kama gari halijawahi kuvuka Gairo. Tangu SGR ianze kufika Dodoma mwaka 2024, mnunuzi anaweza kupanda treni asubuhi, akague gari Dar na kurudi akiliendesha. Barabara ni kama kilomita 450, na kwa IST inayokwenda kilomita 14 kwa lita hizo ni lita 32 za petroli. Ongeza nauli, chakula, fundi wa kukagua ugenini, na siku mbili za kazi. Tofauti kati ya bei yako na ya Dar ikizidi kidogo jumla hiyo, atakwenda. Unachoweza kumwekea mezani kisichopatikana Dar ni uvungu mkavu usio na kutu. Hewa ya chumvi ya pwani hula mikono ya chini inayoshika magurudumu, mabomba ya breki na kingo za milango. Gari lililokaa kanda ya kati kwa miaka mingi huwa safi kwa chini, na jambo hilo ni la kupigwa picha, kuliandika tu hakutoshi.

Paa la bei: gari jingine likiagizwa leo

Bei yako ina mpaka wa juu, nao ni gharama ya kuagiza gari kama lako kutoka Japani na kulisajili kwa namba mpya. Mfumo wa TRA wa kukokotoa kodi za magari yaliyotumika uko wazi mtandaoni: unaingiza aina, mwaka na cc, unapewa thamani ambayo TRA itaitumia na kodi zake. Utumie ujue wanunuzi wako wanaona nini.

Hesabu yenyewe huenda hivi. Chukulia thamani ya gari hadi bandarini, pamoja na usafiri na bima, ni 5,500,000. Ushuru wa forodha wa asilimia 25 ni 1,375,000, na jumla inafika 6,875,000. Juu ya jumla hiyo, ushuru wa bidhaa wa asilimia 5 kwa injini iliyozidi cc 1,000 isiyopita 2,000 ni 343,750. Kisha uchakavu: gari la miaka 10 na kuendelea hulipa asilimia 30, yaani 2,062,500 (la miaka 8 hadi chini ya 10 hulipa 15). VAT ya asilimia 18 inakaa juu ya vyote hivyo, 1,670,625. Kodi hizo peke yake ni 5,451,875, karibu sawa na bei ya gari lenyewe. Bado hujaweka tozo ndogondogo, bandari, wakala wa forodha, usajili na kulileta Dodoma.

Kwa mfano huu, gari la namba mpya linasimama kwa zaidi ya milioni 11, pengine 12 na ushee. Ukiomba 11.5 kwa la namba D lenye kilomita 142,000, mnunuzi atajiuliza kwa nini asiongeze kidogo akae na namba mpya. Acha nafasi ya kumtosha asijiulize. Na kwa kuwa viwango vya kodi hubadilishwa na Sheria ya Fedha inayoanza kutumika kila Julai mosi, hesabu ya Mei irudie Julai. Kodi ya magari chakavu ikipanda, paa lako limepanda bila wewe kugusa gari, na ikishuka vivyo hivyo.

Kuongeza na kupunguza

Ukarabati haurudi kwenye bei kwa ukubwa uleule. Kasoro inayogharimu laki 1 kurekebisha, mnunuzi ataikatia laki 2, kwa kuwa hana hakika kama itaishia hapo. Kitu kipya ulichoweka kwa laki 6 atakihesabu laki moja na nusu, kwa kuwa alitarajia gari liwe nacho. Hapo ndipo unapojua cha kutengeneza na cha kuacha.

Tengeneza vyote vidogo vyenye sauti au taa. Bushi za mbele zinazogonga, linki za stebilaiza, beringi ya gurudumu inayovuma kuanzia kilomita 60 kwa saa, mlango usiofunguka kwa ndani, balbu zilizoungua, taa ya cheki injini. Barabara za vumbi za Nzuguni na za pembezoni mwa Ilazo hula bushi na mipira ya draivushafti haraka, na fundi wa mnunuzi ataanzia hapo. Kabla ya kubadilisha kipuri kwa sababu ya taa ya cheki injini, pima kwa kompyuta usome msimbo. Kuifuta taa tu bila kutengeneza ni kujitega. Vipimo vya ndani vya gari vinakuwa havijakamilika, mwenye mashine anaona kuwa imefutwa juzi, na baada ya hapo hata ukweli wako hauaminiki.

Rejeta inahitaji macho yako mapema. Maji ya visima vingi vya Dodoma yana chumvi, na mwenye gari aliyezoea kujazia ya bombani anaacha magamba na kutu kwenye njia za kupozea. Fungua kifuniko injini ikiwa imepoa kabisa. Kulanti (maji maalumu ya kupozea injini) safi ya rangi yake, nyekundu au kijani, ni ushahidi wa matunzo. Maji ya rangi ya chai ni punguzo. Ukiikuta hali hiyo, safisha mfumo na kujaza kulanti wiki tatu au nne kabla ya kutangaza, siyo siku moja kabla, maana uchafu ukitikiswa unaweza kufichua uvujaji uliokuwa umezibwa na magamba. Ni afadhali uujue wewe kwanza.

Kupiga rangi gari zima ili liuzike ni hasara karibu kila mara. Rangi ya kampuni iliyofifia kidogo na yenye mikwaruzo ni mali, kwa sababu inaonyesha gari halijagongwa likafichwa. Rangi mpya inayong'aa kwenye gari la miaka 20 humfanya mnunuzi atoe sumaku mfukoni kutafuta pati iliyozibia mabonde. Sugua kwa polishi, safisha taa za mbele zilizokuwa njano kwa jua la huku, na acha mkwaruzo wa bampa ulivyo. Injini nayo usiioshe kwa mashine ya presha siku ya kuonyesha. Ifute vumbi kwa kitambaa chenye unyevu wiki moja kabla, uache ikae kavu, ili asiyeona tone la oili aamini kwamba halipo.

Matairi yasome kabla ya kuyasifia. Ubavuni kuna tarakimu nne za mwisho baada ya herufi DOT: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi lenye kashata nene lakini la miaka saba, lililopasuka nyufa ndogo kwa jua, mnunuzi makini analihesabu la kubadilisha. Matairi mapya ya kuuzia gari usinunue, isipokuwa yaliyopo ni vipara. Bateri ipime kwa voltimita asubuhi kabla ya kuwasha: iwe karibu 12.6, na injini ikiwaka ipande hadi kati ya 13.8 na 14.5. AC inayopoza ina thamani kubwa Dodoma mwezi wa Oktoba na Novemba, kwa hiyo gesi ikiwa pungufu tafuta inakotoroka. Kujaza tu ni kumwahidi mnunuzi ugomvi wa wiki mbili baadaye.

Ushahidi wa injini ndio wenye uzito kuliko yote. Gari la injini ya 1NZ lenye chaini halina mkanda wa taimingi wa kuuliza, lakini Carina Ti ya injini ya 5A au 7A inao, na swali la kwanza la mjuzi ni lini ulibadilishwa. Kama hakuna jibu, hesabu gharama yake ndani ya bei. Peleka gari kwa fundi asiyekuwa wako apime kompresheni, yaani mgandamizo wa hewa, ya silinda zote. Kwa injini nyingi za Toyota za umri huu, silinda zikitofautiana kwa zaidi ya baa 1, kuna tatizo. Karatasi yenye namba nne zinazokaribiana, tarehe na mhuri wa gereji ina nguvu kuliko maneno yote ya "injini haijaguswa". Weka ndani ya faili moja na risiti za oili kila kilomita 5,000, mafuta ya giaboksi, plagi, breki, na kulanti. Risiti zilizopotea usizitengeneze upya. Andika tu orodha ya kilichofanywa, na mnunuzi ampigie fundi wako.

Sasa rudi kwenye mfano. Msingi ni 9,400,000. Faili la risiti, kompresheni nzuri na karatasi za Japani zinakupandisha 500,000, maana zinafuta shaka tatu kubwa. Matairi ya mwaka jana, 150,000. Mkwaruzo wa bampa unakata 100,000, na shokapu za nyuma zilizoanza kulegea, ambazo umeamua kutozibadilisha, zinakata 150,000. Jumla 9,800,000. Hapo ndipo unapolenga.

Kadi na madeni

Bodi ing'ae namna gani, kadi yenye jina la mtu wa tatu inaivunja bei. Magari mengi ya zamani yamepita mikono miwili au mitatu kwa mikataba tu, kila mmoja akikwepa gharama za TRA. Kama wewe ni mmoja wao, maliza kuhamisha umiliki kwanza. Ushuru wa stempu ni asilimia 1 ya thamani ya mauzo, na ada ya kuhamisha gari ni 50,000. Ukilinganisha na laki 5 au zaidi atakazokata mnunuzi mwenye hofu, ni bei ya karanga. Kama mmiliki wa kwenye kadi amefariki, kuna msimamizi wa mirathi wa kutafutwa, na hapo usipange bei kabisa mpaka karatasi zikamilike. Wewe na mnunuzi wote mtahitaji TIN na vitambulisho, basi mwulize mapema kama anayo.

Angalia faini za barabarani kwenye mfumo wa polisi kwa namba ya gari, na deni la maegesho vilevile. Hayo yanaambatana na kibao, na fundi janja huyatazama kwenye simu mkiwa mnaongea. Yalipe uchapishe. Kama kadi imeshikiliwa na benki kwa mkopo, sema kwenye tangazo, na mpango wa malipo uwe mnunuzi analipa benki moja kwa moja kiasi kilichobaki. Bima iliyobaki miezi minane ni jambo zuri la kutaja, ila bima ndogo haipandishi bei kwa maana mnunuzi anaijua gharama yake, na bima kubwa ina masharti yake ya kuhamishwa.

Bei tatu, na ile ya tangazo

Andika bei tatu kabla hujatangaza: ya tangazo, ya kulenga, na ya mwisho ambayo chini yake gari linabaki nyumbani. Ya mwisho mwambie mwenza wako, ili mmoja wenu asilegee akiwa peke yake.

Kwa kulenga 9.8, kanuni ya asilimia 6 ingekupeleka 10.4. Lakini watu hutafuta magari kwa mipaka ya mviringo, "IST isiyozidi milioni 10", na 10.4 inakufuta kwenye macho yao. Tangaza 10,000,000, lenga 9.8, ishia 9.5. Ungekuwa unalenga 10.6, ningesema tangaza 11.2 bila wasiwasi, kwa sababu mpaka wa 10 umeshauvuka. Kutangaza 12 ili "waje tuongee" ni mazoea mabaya. Wenye milioni 10 hawapigi simu, na wenye 12 wanakuta gari la 10.

"Bei mwisho ngapi?" itakuja kwenye ujumbe kabla ya salamu. Jibu lake ni moja: "Karibu uone gari, maongezi yapo kidogo." Ukishusha kwa simu, bei uliyoshusha inakuwa mahali pa kuanzia kushusha tena mbele ya gari. Anayefika na fundi, akalikagua saa nzima, huyo ndiye wa kupunguziwa, tena kwa sababu maalumu: shokapu, bampa. Ukikata bila sababu atahisi kuna nyingine ya kukatwa.

Na dalali, kama utamtumia, mpe kiasi kinachotajwa, kwa mfano laki 3 gari likiuzwa kwa bei yako au zaidi, na muandikiane. Ukimwambia "mimi nataka 9.8, cha juu ni chako", gari litatangazwa kwa 11.5 na kuoza, nawe utadhani soko limekufa. Mmoja anatosha.

Msimu una maana Dodoma. Mishahara ya serikali ikitoka, karibu na tarehe 23 hadi 25, simu huongezeka kwa siku kumi hivi. Kuanzia Aprili hadi mwisho wa Juni, Bunge la bajeti linajaza mji. Baada ya mavuno, kati ya Juni na Agosti, wafanyabiashara wa mahindi wa Kibaigwa na wakulima wa alizeti wana fedha, ila hao wanatafuta zaidi Noah, Hilux na magari yaliyoinuka kutoka ardhini, siyo IST. Januari ya ada za shule subiri kama unaweza.

Soko likikujibu

Tangaza kwa picha 12 zilizopigwa saa moja asubuhi au saa kumi na moja jioni, pamoja na uvungu, injini, dashibodi inayoonyesha kilomita, na mkwaruzo wenyewe. Kisha subiri siku 14 usiguse bei. Kama simu hazilii kabisa, bei iko juu au picha ni mbaya. Zikilia na watu hawafiki, kuna maelezo unayoyatoa kwa simu yanayowakatisha tamaa, mara nyingi kadi. Wakija wakaondoka bila kutaja bei, gari lenyewe lina tatizo ambalo hukuliona, hivyo mlipe fundi mwingine alikague kama mnunuzi. Na kama watu watatu wasiojuana wametaja 9.2, 9.3 na 9.2, soko limekwambia bei. Orodha yako ilikosea, na huna wa kumlaumu.

Ukipunguza, punguza mara moja kwa hatua inayoonekana, laki 3 au 4, na uonyeshe tangazo jipya. Kushusha laki moja kila wiki kunawafundisha watazamaji kusubiri.

Wa kujaribu gari aonyeshe leseni kwanza, nawe ukae ndani. Fedha zipokelewe ndani ya benki au zionekane kwenye akaunti yako kwa kuangalia salio, siyo kwa kusoma ujumbe wa simu unaoonyeshwa. Mkataba muuandike mbele ya wakili, nakala mbili, ukiwa na namba ya chasisi, ya injini, kilomita za wakati huo, maneno kwamba gari limekaguliwa na kukubaliwa lilivyo, na saa ya makabidhiano. Saa iandikwe kabisa, "saa 9:40 alasiri". Kamera ikimnasa mmiliki mpya njiani jioni hiyohiyo, faini itaingia kwenye namba ambayo bado ina jina lako mpaka TRA wabadilishe, na karatasi hiyo ndiyo itakayoonyesha nani alikuwa ameshika usukani. Kwa sababu hiyo kadi ya asili nenda nayo TRA pamoja na mnunuzi siku hiyo au kesho yake. Usimwachie aende nayo mwenyewe "akipata nafasi".